Mama Alipofagia Seva

Kanuni ilikuwa hii: hafungui mtu folda isiyo yake, na hakuna upendeleo. Aliyeitunga aliiandika kwa kalamu nene, akaibandika ukutani juu ya seva, kisha akaivunja yeye mwenyewe kwa ajili ya mama yake.

Kiwandani walimwita Hapana, kwa kuwa ndilo neno lililomtoka kabla hujamaliza swali. Kilikuwa kiwanda kidogo cha uchapaji, cha familia. Baba alikianzisha na kufa nacho. Kaka mkubwa akakirithi. Mke wa kaka akawa mpangaji wa kurasa kwenye kompyuta. Hapana aliwekwa kwenye mashine ya kukatia karatasi, ambayo wote waliiita kisu. Mama mjane alikuja kila asubuhi na fagio lake mwenyewe, akafagia vipande vya karatasi chini ya kisu huku akiwauliza wanawe kama wamekula.

Mambo ya kompyuta Hapana alijifunza mwenyewe, wakati wenzake wakipiga soga. Simsifu kwa hilo. Muda wa kazi ni wa kazi. Lakini alijifunza kweli.

Siku hizo kazi zilisafiri kutoka kompyuta hadi kompyuta kwa flashi moja yenye kamba nyekundu, iliyotafutwa kuliko mwenye kiwanda.

"Flashi iko wapi?" shemeji yake angeuliza.

"Kwenye suruali yangu," angejibu kaka.

"Na suruali?"

"Kwenye kamba, inakauka."

Hapo ndipo Hapana alipomfuata kaka yake na wazo la seva: kompyuta moja ya kutunza mafaili yote, nyingine zote zichote humo kupitia waya.

"Programu yake tutaipata wapi?" kaka akauliza.

"Ni programu huria. Ya bure, na ni halali."

"Ya bure! Nani siku hizi anakupa kitu bure? Humo ndani kuna ugonjwa, mdogo wangu."

Kompyuta zake zote zilijaa programu za wizi, na hazikuwahi kumkosesha usingizi. Cha halali ndicho kilichomtia shaka. Watu wa namna hii ni wengi, na wengi wao hukaa viti vya mbele kwenye mikutano ya maadili.

Hatimaye kaka alikubali, kwa sharti. Kiwanda kilikuwa kimepata kazi kubwa kuliko zote: kitabu cha kumbukumbu cha shule, chenye picha na jina la kila mwanafunzi, cha kugawiwa siku ya sherehe ya shule hiyo.

"Kitabu hiki kikipotea humo kwenye dude lako," kaka alisema, "unarudi kwenye kisu, na kompyuta huigusi tena."

"Hakipotei."

"Nimekusikia. Na mama amekusikia."

Mama, akiwa ameinama na fagio lake, alisema amesikia.

Hapana aliokota kompyuta kuukuu iliyokuwa ikitumika kuzuia mlango wa stoo. Akaipangusa vumbi, akaitia diski mbili mpya, akasimika Linux, ile programu huria ya kuendeshea kompyuta, na juu yake programu ya kugawana mafaili. Aliipa seva anwani ya kudumu kwenye mtandao wa kiwanda ili kompyuta nyingine zisiitafute kila asubuhi kama flashi. Kila mtu akapata jina lake, nywila yake na folda yake. Kila adhuhuri diski ya pili iliifuata ya kwanza neno kwa neno: kilichoongezwa huku kiliongezwa kule, kilichofutwa huku kilifutwa kule. Hapana aliutazama mpangilio huo kama mtu anavyotazama viatu vipya.

"Shemeji," mke wa kaka alimwambia, "weka basi na kapu la taka. Mtu akifuta kwa bahati mbaya, aokote."

"Hapana. Anayefuta afikiri kwanza."

Ni msimamo mzuri kwa mtu asiye na mama.

Kaka aliomba kuona folda ya mkewe. Hapana. Shemeji aliomba kuona folda ya mumewe. Hapana, kwa sauti kubwa zaidi. Mwendesha mashine aliomba nywila ya mwenzake ili asikilize nyimbo zake, akatoka ameinamisha kichwa. Kwa majuma kadhaa kiwanda kile kilikuwa na nidhamu ambayo sijaiona katika ofisi nyingi zenye walinzi.

Kisha mama akaweka fagio pembeni, akakaa mbele ya kompyuta.

"Nami nataka kuingia humo."

"Mama, humo hamna kitu chako."

"Hiki kiwanda ni cha nani? Baba yenu alipokuwa hai nilikuwa napiga hodi?"

Hapana alimpa ruhusa ya kutazama tu. Kanuni ilikuwa imepasuka, ingawa bado ilisimama. Kesho yake mama alimjia amevimba.

"Mashine yako imenijibu jeuri."

"Imesema nini?"

"Nimetaka kupanga vizuri vitu vya mkwe wangu, ikaniambia nimekatazwa. Mimi! Nimekubeba mgongoni, leo unaniwekea sanduku la kunikataza?"

Aliyemnyima kaka, shemeji na mwendesha mashine, hakuweza kumnyima mama. Akafungua kila folda kwa jina lake, kusoma na kuandika, akiangalia mlangoni kama mwizi. Kumheshimu mzazi ni wajibu. Lakini heshima ni kumwambia kweli ukiwa umesimama mbele yake, na Hapana hapo alikuwa na woga tu.

Asubuhi moja iliyofuata, mama alifagia sakafu, kisha akafagia seva.

Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikuta folda ya kitabu cha shule imejaa, akaona ni uchafu. Kulikuwa na "Kitabu", "Kitabu kipya", "Kitabu mwisho", "Kitabu mwisho kabisa" na "Kitabu mwisho wa kweli". Aliacha kile cha kwanza, maana ndicho kilichokuwa na jina la heshima. Kila mtoto alikuwa amepigwa picha kadhaa, ya kwanza ikiandikwa jina lake. Mama aliacha ya kwanza ya kila mmoja, akafuta nyingine, hata zile chache ambazo mkwe wake alikuwa amekwisha kuzichagua na kuziandikia majina. Adhuhuri ilipofika, diski ya pili, kwa utiifu wote iliofundishwa, ikafuta pia.

Mchana shemeji alirudi kutoka shuleni, akafungua "Kitabu". Kilikuwa na jalada, salamu za mwalimu mkuu, na kurasa tupu. Akapiga ukelele uliosimamisha mashine.

"Nani ameingia humu?"

Hapana aliinama kukagua waya usio na kasoro. Ila mama hakuona sababu ya kuficha.

"Ni mimi. Nimewasaidia. Mlikuwa mnaishi kwenye takataka."

Kaka alifungua mdomo, akamtazama mama, akaufunga. Akamgeukia Hapana, na hapo ukafunguka vizuri kabisa.

Hapana alizima seva asije mtu akaandika juu ya vilivyofutwa, akaleta programu nyingine huria, ya kufukua mafaili. Kitabu hakikupatikana. Picha zilipatikana nyingi, lakini zilirudi bila majina, zikiwa na tarakimu tu. Na zile alizoacha mama zilikuwa na majina yake, ila picha ya kwanza ya mtoto ndiyo hiyo anayofumba macho kwa mwanga wa kamera. Karibu shule nzima ilikuwa imelala.

"Tunao wenye majina waliolala, na walio macho wasio na majina," shemeji alisema. "Chagua, mume wangu."

"Hebu toka hapo," mama akamwambia mkwe wake. "Huyu aliyelala si ndiye huyu anayecheka? Tazama masikio."

Ikabidi familia nzima ikae kulinganisha masikio, makunyanzi ya kola na meno yaliyong'oka, huku shemeji akipanga kurasa upya tangu mwanzo. Mama alikuwa hodari kuliko wote, na hakuacha kusema hivyo. Alikosea mara moja tu, akampa mlinzi wa shule jina la mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Kabla hawajamaliza, seva ilikwisha kukabidhiwa kwa shemeji. Aliweka kapu la taka siku hiyohiyo, na nakala ambazo hazifuti kilichofutwa. Mama alimwomba nywila.

"Mama," alimjibu, amesimama mbele yake, "chai nitakuletea, kiti nitakuletea. Nywila sikupi."

Mama alinuna hadi jioni, kisha akamaliza.

Kitabu kilifika shuleni sherehe ikiwa imekwisha na viti vimerudishwa madarasani. Shule haikuwapa kazi nyingine. Hapana alirudi kwenye kisu, na hadi leo hagusi kompyuta ya kiwanda kile.