Herufi Zilizolala Chali

Mimi najua kushinda. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu niliuza vitunguu soko la Kawale, Lilongwe, miaka tisa, na mwanamke aliyeweza kuuza vitunguu Kawale, katikati ya wanawake wengine kumi wenye vitunguu vile vile, hana sababu ya kujishusha. Kwa hiyo nilipojifunza mchezo wa herufi hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mtu mzima, na kichwani nina madarasa sita tu ya shule ya msingi, sikushangaa kwamba niliuweza. Walioshangaa ni wengine.

Nilijifunza kwa sababu ya simu. Tulipoambiwa wakimbizi wote tuliokuwa tukiishi Lilongwe turudi kambini, nilivunja meza yangu ya sokoni, nikagawa nilichoshindwa kubeba, tukarudi mimi na mume wangu. Nyumba tuliyopata haina umeme. Kila baada ya siku mbili napeleka simu kwa msichana mmoja wa Kirundi mwenye kibanda cha kuchajia. Ukiiacha simu na kuondoka, unaweza kurudi ukakuta imechomolewa na ya mwingine imechomekwa. Basi watu hukaa na kusubiri, na wakishachoka kusengenya, yule msichana hutoa kwenye mfuko wa unga ubao uliokunjwa katikati na vibao vidogo vyenye herufi. Skrabo.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Unachota herufi saba bila kuchungulia, unaunda neno, neno lako lazima lishikane na lililokwisha kuwekwa, na kila herufi ina pointi zake. Ila seti yetu ilifika kambini ikiwa pungufu. Vishikio vya kusimamishia herufi ili mwenzako asizione havikuwamo, kwa hiyo sisi hulaza herufi zetu chali mezani. Unaziona zangu, naziona zako, na watu sita wanaosubiri simu zao wanaziona za wote wawili. Sheria ya kibanda ni moja: macho ruhusa, mdomo marufuku. Anayemnong'oneza mchezaji, simu yake inachomolewa hapo hapo. Nimeona wanaume wazima wakijiziba midomo kwa viganja.

Herufi moja ya E ilipotea zamani, yule msichana akakata nyingine kwenye kadibodi. Ukiingiza mkono mfukoni vidole vinaijua mara moja, na E ni herufi inayotafutwa na kila mtu. Sheria ikabidi iongezwe: ulichogusa kwanza ndicho chako. Mimi niligusa kadibodi hiyo mara nyingi kuliko wenzangu na sitaki mtu aniulize kwa nini.

Kiingereza ndicho kilichotakiwa, maana kamusi ilikuwa kwenye simu ya msichana na ilikuwa ya Kiingereza. Changu kilikuwa cha soko. Nilikisoma kwenye magunia, kwenye maboksi ya sabuni, kwenye midomo ya mama wa maofisini waliokuwa wakisimamisha gari na kunyoosha kidole dirishani. Wamalawi wa kawaida walinunua kwa Chichewa, waliniambia anyezi, yaani vitunguu, na zikomo, yaani asante, wakaenda zao. Lakini hao wa magari walinifundisha maneno mengi bila kujua kwamba wananifundisha, na mimi sikuacha neno lianguke chini. Nilishindwa wiki mbili za kwanza. Wiki ya tatu nilimpiga kijana aliyemaliza sekondari, akasema bahati. Nikampiga tena siku hiyo hiyo ili bahati ipumzike.

Sasa nimseme mume wangu, kwa sababu habari hii ni yake.

Kwetu Uvira, Kongo, alikuwa mwalimu. Miaka kumi na saba alisimama mbele ya watoto, kwa Kifaransa, na ukipita naye njiani watu walivua kofia. Huku Malawi Kifaransa chake hakinunui hata chumvi. Tulipokuwa Kawale alinisaidia kubeba magunia na alijikaza, maana kulikuwa na kazi. Tuliporudi kambini kazi ikaisha, naye akaisha nayo. Aliamka, akakaa ukingoni mwa kitanda, akatazama mlango. Nikimwuliza kitu ananijibu ndiyo. Nikimtukana, na mimi natukana vizuri, ananijibu ndiyo. Niliogopa. Nimemwona mwanamume akifa kwa malaria na nimemwona akifa kwa risasi, lakini huyu wangu alikuwa anakufa amekaa, na sikujua dawa yake.

Ndipo nikamburuta kibandani.

"Ile ni muchezo ya batoto," aliniambia njiani.

"Basi njo yako," nikamjibu, yaani ndio wako huo. "We si mwalimu wa batoto?"

Alikaa, akavaa miwani yake yenye ufa kwenye kioo kimoja, akasoma ubao wote kabla ya kugusa herufi. Mchezo wa kwanza kamusi ilimkatalia maneno manne, yote Kifaransa. Mwingine angenuna. Yeye alirudi nyumbani akaomba kalamu. Siku tatu aliandika kwenye gamba la daftari maneno ambayo Kifaransa na Kiingereza vinayamiliki pamoja: table, nature, orange, image. Aliyakusanya kama mtu anayeokota mahindi yaliyomwagika. Siku ya nne alinishinda kwa neno moja la herufi saba, na usiku ule alinieleza kwa nini nimeshindwa, kwa muda mrefu, mpaka nikasinzia. Sikuudhika hata kidogo. Mtu anayekueleza kosa lako ni mtu aliye hai.

Kisha habari ikaja kutoka Lilongwe. Kulikuwa na chama cha wachezaji kule, wanaokutana Jumamosi kwenye ukumbi wa shule moja upande wa Likuni, nao waliwaalika watu wawili wa kambini waje kucheza nao siku nzima. Kibali cha kutoka kingetafutwa, gari lingetumwa. Nafasi ya kwanza ilikuwa ya msichana mwenye kibanda, hilo halikuwa na ubishi. Ya pili ilipiganiwa na watu wanane kwa siku tano, na nadhani umeshajua waliobaki mwisho ni nani.

Niseme ukweli wangu: niliitaka safari ile. Nilitaka gari lipite Kawale, nishuke hata dakika tano, nione nani amekaa pale mahali pangu na kama anapanga vitunguu vizuri. Lakini nilimtazama mwenzangu asubuhi ya mechi yetu akipiga pasi shati kwa chungu cha makaa. Pasi! Alikuwa amelala miezi ndani ya suruali moja, leo anapiga pasi ili akacheze na mkewe. Nikapiga moyo konde. Nafasi nitampa yeye, na hatajua.

Kumbe kumpa mtu ushindi mahali ambapo herufi zinalala wazi ni kazi kuliko kushinda.

Tulicheza watu wakiwa wamejaa mpaka nje. Mpaka mwisho nilijitahidi kukosea kidogo kidogo, hapa pointi tatu, pale nne, kwa adabu. Mfuko wa herufi ukaisha. Nilikuwa nyuma yake kwa pointi tisa, na herufi zangu za mwisho nilizozilaza chali mezani zilikuwa sita: N, O, S, I, O, N.

Mungu ana utani. Miaka tisa niliandika neno hilo kwa chaki kwenye kipande cha ubao, kwa ajili ya wale wa magari: onions. Vitunguu. Watu wote pale walijua nilichokuwa nikiuza. Na ubaoni kulikuwa na table ya mume wangu, mkia wake uko wazi unasubiri S. Vitunguu vyangu vingeteremka kutoka juu, S ikatua pale, table ikawa tables, nikapata pointi kumi na nne, nikamaliza herufi zote na mchezo. Lakini zamu ilikuwa yake. Angeweka herufi moja tu kwenye ule mkia, njia yangu ingezibika. Alitazama herufi zangu. Alitazama ubao. Akaweka neno dogo la pointi tatu upande mwingine kabisa, zikamsalia herufi mbili.

Nikasema moyoni, hajaona. Ule ufa wa miwani umenisaidia. Nikachukua N moja, nikaishikisha na I iliyokuwa ubaoni, ikawa in, pointi mbili.

Mwenye macho haambiwi tazama, na pale kulikuwa na macho kama ishirini. Mama mmoja wa Kindu alijiziba mdomo kwa ncha ya kitenge chake na kunitazama kama mtu aliyeona mwenzake akimwaga maziwa kwa makusudi. Mume wangu alimaliza herufi zake mbili. Akapigiwa makofi machache. Akasimama, akatoka, hakunisubiri.

Nilimkuta nyumbani amekaa ukingoni mwa kitanda, palepale, na shati lake la pasi. Nikajua nimeharibu.

"Haukuona bitunguu?" aliniuliza.

"Bitunguu gani?"

"Mama, mi nilifundisha miaka kumi na saba. Mutoto mwenye anajua jibu na ananyamaza, mi namujua hata akiwa nyuma ya darasa. Na kitabu ya mutoto mwalimu anakisomaka chini juu, anasimama mbele ya meza yake. We unafikiri mi sikusoma herufi zako?"

Nikainama kutafuta taa ambayo haikuwa imepotea.

"Unanisikilia huruma," alisema. "Njo kusema mi niko mugonjwa. Njo kusema nimekwisha. Batu bote baliona."

Aliyasema taratibu, na yaliniuma kuliko kama angenipiga. Machozi yalinijia, nikayarudisha. Halafu, nikiwa nayarudisha, akili yangu ya soko ikafanya hesabu nyingine, na hasira ikanipanda kutoka miguuni.

"Ngoja, Papa. Kama uliona, juu ya nini haukuziba?"

Akageuka kutazama mlango.

"Zamu ilikuwa yako! Herufi moja tu pale kwa table, mi nimekwisha. Haukuziba. Ulienda kuweka kaneno kule mbali. Juu ya nini?"

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ulitamani kuona Kawale," alisema. "Unaitajaka hata ukilala."

Sasa hapo ndipo tuligombana. Tuligombana vizuri, kama watu wenye afya. Nani alimhurumia nani kwanza? Nani alimdharau mwenzake mbele za watu? Mimi nilisema kosa lake ni kubwa kwa sababu ni mwalimu. Yeye alisema langu ni kubwa kwa sababu yeye angalau alificha, mimi nilianika vitunguu juani. Jirani aligonga ukuta wa udongo akiuliza kama kuna mtu anauawa. Mume wangu akamjibu kwa sauti ambayo zamani ilinyamazisha darasa zima, kwamba hakuna anayeuawa, tunajadili mchezo.

Asubuhi tulikwenda wote wawili kwa msichana wa kibanda, tukamwambia mechi ya jana haikuwa mechi. Hakushangaa.

"Nilikuwa najua," alisema. "Mama, mutacheza tena sasa hivi. Mwenye ataachilia mwenzake, simu ya ile nyumba sitaichaji tena hata siku moja."

Tulicheza. Sikuwa nimewahi kucheza vile kabla ya siku ile, na nimecheza michezo mingi baadaye. Sikumwachia hata nafasi ya kupitisha pumzi. Nilimziba kila alipofungua, na yeye akaniziba bila huruma, mwanamume mbaya, alisoma herufi zangu chini juu na kunipokonya kila mlango dakika moja kabla sijaufikia. Nilimwita mwizi. Akasema mwizi ana kibali cha kwenda Lilongwe. Watu walisahau simu zao. Kadibodi ya E niliipata mimi, kwa haki kabisa, na bado haikunitosha. Mwisho alinishinda kwa pointi nne. Nne tu, na nitasema mpaka nizikwe kwamba mimi ni mchezaji bora kuliko yeye.

Nilikuwa nimekasirika mno kiasi kwamba nilizifagia herufi zote mfukoni kwa mkono mmoja kabla hazijahesabiwa mara ya pili. Ndipo akaanza kucheka. Hakutabasamu, alicheka, kichwa nyuma, mdomo wazi mpaka pengo la kule mwisho likaonekana, akinyoosha kidole kwangu mbele ya watu wote, kwa sababu nilikuwa nimeshindwa na nilikuwa nimenuna. Nilimwambia anyamaze, watu wanatutazama. Hakunyamaza, na mimi sikumwambia mara ya pili.