Ng'ombe wa Masanja na Sentensi Yangu

Nilitoka Tunduma Jumanne asubuhi kwa sababu ya sentensi moja. Kamati yetu ilikuwa inaandaa kanuni za droni yenye akili mnemba, ya kulinda mashamba ya mpunga bonde la Kamsamba. Mimi ndiye niliyeandika: "Mtambo ukitoa taarifa, mifugo ikamatwe papo hapo." Niliipenda mno. Mwenyekiti akanituma nikaone majaribio kwanza, kabla hatujaipitisha.

Mlowo, saa nne. Nilikunywa chai huku magunia ya mahindi yakipakiwa, kisha nikapata gari la kuteremka bondeni. Njiani nilivua sweta. Baridi ya Tunduma haifiki kule.

Kamsamba, saa tisa. Mjomba wangu, askari mstaafu wa vita vya Kagera, alinipokea kwa maji ya kunywa na swali.

"Kwenye hiyo kanuni yako, nani anakwenda kuangalia?"

"Mtambo unakuwa umeshaangalia, mjomba."

"Vitani tuliambiwa kwa redio kuna adui kwenye migomba. Mizinga ilikuwa tayari. Mkubwa wetu akakataa, akatuma watu wawili wakaone kwa macho. Tukamwita mwoga. Kumbe ni akina mama wanakata ndizi."

Nilimjibu kwamba vita ni vita na ng'ombe ni ng'ombe. Akachukua kikombe tupu mkononi mwangu, akaingia ndani.

Jumatano asubuhi simu za mgambo zililia, droni ya majaribio imetoa taarifa: ng'ombe shambani. Nilipofika, kwa kuijaribu sentensi yangu, walishamfunga kamba Masanja, mfugaji jirani, na kundi lake lilikuwa linaswagwa kwenda zizi la kijiji. Faini ingemmaliza. Alirudia neno lile lile: "Nimekaribishwa."

Mjomba alikuja nyuma, taratibu. Shamba lilikuwa lake. Alishavuna, akamwita Masanja alishe mabua, na yeye mjomba abaki na samadi, kama wafanyavyo kila mwaka, kwa mdomo tu. Droni iliona ng'ombe shambani, na kweli walikuwemo. Aliyekosea ni mimi. Niliona aibu. Mjomba alimfungua Masanja kwa mikono yake, akamwomba radhi kwa niaba yangu.

Alhamisi, Tunduma. Niliifuta sentensi yangu mbele ya kamati, nikaandika nyingine: asikamatwe ng'ombe hata mmoja mpaka mtu ameenda, ameona, na ameweka jina lake kwenye taarifa.

Mwenyekiti akavua miwani. "Na joto lote lile, nani atakubali kushuka bondeni kila mara?"

"Andika jina langu," nikamwambia.