Khampun Hajashuka

Phikun aliuza saladi ya papai bichi ng'ambo ya kichochoro, mkabala na jengo lililomuua mumewe. Wateja wapya walidhani amefuata biashara tu. Wale wa zamani walijua, wala hawakumuuliza. Jengo lilisimama halijaisha, kijivu, matundu matupu badala ya madirisha, miti midogo ikiota kwenye baraza za juu kutokana na mbegu za ndege. Kila asubuhi, kabla hajashika mchi, Phikun aliinua macho akalitazama mara moja, kama mtu anayechungulia chumbani kuona kama mgonjwa ameamka.

Walikuja Bangkok pamoja, yeye na Khampun, kutoka Roi Et, mkoa wa kaskazini-mashariki, mwaka ambao jua liliunguza mpunga shambani. Walikuwa ndio kwanza wameoana. Siku zile jiji lilikuwa likiumuka kama unga uliotiwa hamira, na mikono iliyolipandisha ilikuwa ya watu wa kwao, wanaume kwenye nondo na wanawake kwenye zege. Walilala katika mabanda ya mabati nyuma ya uzio, kanga kuukuu ya maua ikiwa ndiyo ukuta kati yao na jirani. Jengo moja likiisha, walibeba ndoo na mkeka wakahamia kwenye lingine. Waliyajua majengo yangali mifupa. Yakishavaa vioo hawakuyatambua.

Lile la mwisho lilikuwa fahari yao. Msimamizi wao alikuwa na kipande cha gazeti chenye picha za majengo marefu ya nchi jirani zote, Jakarta, Singapore, Manila, yamepangwa kwa kimo kama watoto mstarini. Jioni, wakinywa pombe ya mchele, wanaume waliyabishania kama wengine wanavyobishania mpira.

"Sisi tutakuwa wa pili," msimamizi alisema. "Kuala Lumpur hatuwafikii. Wale wamejenga mawili, yamesimama kama mapacha."

"Mawili?" Khampun akauliza. "Basi gawa kwa mbili. Sisi ndio wa kwanza."

"Wee! Hesabu hiyo umeisomea wapi?"

"Nimefundishwa na nyati wa kulimia wa baba. Hajakosea hata siku moja."

Phikun alicheka mpaka akapaliwa na wali. Ndivyo alivyokuwa mumewe. Jioni nzima angetoa maneno kama hayo mara moja, kisha akanyamaza na sigara yake, akiacha wenzake wapasuke mbavu.

Alianguka msimu wa mvua, kutoka ghorofa iliyokuwa karibu na kilele, mzigo wa nondo ulipoyumba kwenye winchi ukamsukuma. Phikun alikuwa chini anakoroga zege. Hakumwona akianguka. Aliona watu wakikimbilia mahali pamoja, naye akakimbia nao kama mtu mwingine yeyote, akitaka kujua ni nani.

Mama mkwe wake, Mama Thongsi, alikuja kutoka kijijini kuuchukua mwili. Daktari kijana aliyekuwa zamu alimwonea huruma, akamshika mikono yote miwili. "Mama, mwanao hakuumia," akamwambia. "Mtu akianguka kutoka juu vile, hafiki chini akiwa hai. Alikufa huko huko juu." Alidhani anampa kitulizo, kumbe anamtwika mzigo.

Maana kwa watu wa kwao, aliyekufa kwa ghafla hubaki pale pale alipofia, amezubaa, hajui pa kwenda. Ni lazima watu wa nyumbani wafike mahali hapo, wamwite kwa jina lake, kisha wamwongoze hadi kwao wakimweleza kila kona na kila daraja, asije akapotea njiani. Na watawa wa hekalu walikuwa wameshamwita. Walimwitia chini, kwenye saruji iliyooshwa, kwa kuwa ndipo mwili ulipolala.

"Mmemwita mahali ambapo hayupo," Mama Thongsi alisema.

Mwili ulichomwa kijijini, mifupa ikawekwa katika ukuta wa hekalu, sala zote zikasomwa. Hata hivyo mama mtu hakubadili kauli. Wageni walipompa pole aliwajibu kwa upole kwamba Khampun hajashuka.

Wangeweza kupanda wiki ile ile. Lakini polisi walizifunga ghorofa za juu, na kabla hawajazifungua fedha ya nchi ikaporomoka. Makampuni yakafa kama nzi. Mwenye jengo akatoroka wadai wake, vibarua wakarudi mashambani, lango likatiwa mnyororo. Phikun hakurudi. Alinunua kinu, akapanga kijibanda, akabaki. Aliwaomba walinzi wampandishe, mwaka huu na mwaka ule, wakamwambia ngazi zimezibwa. Baadaye akaacha kuomba. Hakumwambia mtu, ila alikuwa amezoea. Mumewe yuko juu, yeye yuko chini, na kuna ndoa alizozijua zenye umbali mkubwa kuliko huo.

Nchi jirani ziliendelea kujenga na kupitana. Saigon ikapanda, Jakarta ikapanda, Kuala Lumpur ikajipita yenyewe. Kama gazeti lingechapisha tena zile picha za watoto mstarini, jengo la Khampun lisingepata nafasi hata ya kusimama nyuma.

Ndipo akatokea mnunuzi. Lango likafunguliwa, vibarua wakaja, safari hii kutoka Burma na Kambodia, na vioo vikaanza kupanda kutoka chini, ghorofa baada ya ghorofa, vikiziba yale matundu ambayo Phikun alikuwa akiyatazama kila asubuhi. Siku hizo hizo Sawaeng, mdogo wake Khampun, akapiga simu.

"Shemeji, mama hali tena. Ukimpa uji anageuza uso."

"Anaumwa nini?"

"Uzee tu. Lakini haondoki, shemeji. Sisemi kwa ubaya. Amelala anautazama mlango. Anasema atakwendaje kule kumtafuta mwanawe wakati mwanawe bado yuko huku?" Sawaeng akakohoa. "Jana kaniuliza, huyo Phikun, miaka yote hii chini ya lile jengo, anafanya nini pale?"

Simu ilipokatika Phikun alihesabu ghorofa zilizokuwa bado hazina vioo.

Aliyekuwa na amri juu ya ghorofa zile alikuwa mhandisi Rawiwan, mwanamke wa makamo aliyekuja kijibandani kila mchana na kulalamika kila mchana.

"Dada Phikun, leo umeniua. Umetia pilipili ngapi?"

"Ulisema kama kawaida."

"Kawaida yangu au yako?"

Phikun akaulaza mchi. "Bibi Mhandisi, nataka kupanda juu. Ile ghorofa iliyo karibu na paa. Mume wangu yuko kule."

Rawiwan akaacha kutafuna. Habari za aliyeanguka zamani alikuwa amezisikia, zilikuwa zikizunguka kwa vibarua. Hakujua kwamba mjane wake ndiye anayempimia chumvi.

"Siwezi, dada. Ukiteleza kule, mimi nafukuzwa kazi. Utaniajiri hapa nitwange papai?"

"Kwa mikono hiyo? Asubuhi haijaisha utakuwa unalilia malengelenge."

Rawiwan alisukuma sahani kando. "Wiki ijayo tunafunga vioo kule," akasema.

"Ndiyo maana naomba leo."

Mhandisi akageuka, akalitazama jengo kwa muda, lakini hakulitazama kama mtu anayekagua kazi. "Mama yangu alifia barabarani, njia ya Ayutthaya," akasema. "Tulikwenda kumwita pale pale kwenye kona. Malori yanatupigia honi, baba anapiga kelele jina lake." Akafuta mdomo. "Njoo Jumapili asubuhi. Kofia utavaa, na ubishi sitaki."

Jumapili Sawaeng alikuja na pikapu yake ya kubebea mihogo. Alipoinua shingo kutazama walikokuwa wakienda, uso ulimpauka.

"Mimi nabaki nalinda gari," akasema.

"Nani ataiba gari hili, Sawaeng?"

"Huwezi kujua, shemeji. Mjini hapa."

Wakapanda Phikun na Rawiwan peke yao, katika lifti ya vibarua, kizimba cha chuma kilichotetemeka njia nzima. Phikun alipakata kikapu chenye wali wa kunata, samaki wa kuchoma na pakiti ya sigara alizovuta Khampun, ambazo siku hizi ni shida kuzipata. Hakuwahi kufika juu vile. Alilijenga jengo lile kwa mikono yake na kamwe hakuwahi kupita ghorofa za chini, kwa kuwa zege lilikorogwa chini.

Kule juu kulikuwa na upepo na sakafu tupu hadi ukingoni. Jiji lilikuwa mbali chini, halina sauti.

"Alikuwa upande gani?" Rawiwan akauliza.

Phikun hakujua. Kwa miaka yote alikuwa ametazama ghorofa ile kwa nje, akajua ni tundu lipi. Kwa ndani matundu yalifanana. Akaenda huku, akarudi, akachungulia mpaka akakiona kijibanda chake kule chini, kidogo kama kiberiti, ndipo akajua mumewe alisimama wapi. Akatandika jani la mgomba, akapanga chakula, akawasha vijiti vya udi. Upepo ukavizima. Akawasha tena, vikazimika. Rawiwan akavua kofia yake ngumu, akachuchumaa, akaikinga mbele ya moto, ingawa ni yeye aliyesema kofia hazivuliwi.

Phikun akaita. Aliita kwa lugha ya kwao, si ya Bangkok. "Khampun, mume wangu, ni mimi Phikun. Kazi imekwisha. Kula, uvute, kisha tushuke. Mama anakungoja."

Akangoja. Alikuwa amesikia habari za watu waliohisi baridi shingoni, au kipepeo akija kutua, au mzigo begani. Hakuhisi kitu. Upepo ule ule, tumbo lake lenye njaa, na kikohozi cha Rawiwan kwa moshi wa udi.

"Lifti inatungoja," mhandisi alisema taratibu, baada ya udi kuteketea.

"Nitashuka kwa ngazi. Lifti haina kona. Nitamweleza nini?"

"Kwa magoti hayo?"

"Ndiyo niliyonayo."

Wakashuka kwa ngazi, gizani, Phikun mbele na kijiti kipya cha udi mkononi, mkono mwingine ukutani. "Tunageuka kulia, Khampun. Tunageuka tena. Hapa kuna maji, ruka." Magoti yalimwaka moto. Mara nyingine aliketi kwenye ngazi akapumua, akamwambia mumewe kwamba wanapumzika kidogo. Hapo walipokuwa hata katikati hawajafika, sauti ilimwisha kooni, akasimama. Nyuma yake akasikia Rawiwan akisema, kwa Kithai chake cha mjini, "Shika ukuta, kaka. Upande huu bado hatujatia reli ya kushikia." Na mhandisi akaendelea kumwongoza hivyo, kona baada ya kona, mpaka Phikun alipopata tena sauti yake.

Chini hawakuagana kwa maneno. Rawiwan aliunganisha viganja mbele ya uso wake, akainama, na Phikun hakujua kama ameinamiwa yeye au aliye nyuma yake.

Safari ilikuwa ya siku nzima. Sawaeng aliendesha, Phikun akawasha kijiti kila kilichotangulia kilipokwisha, na gari likajaa moshi hadi wakatokwa machozi. "Tunavuka daraja, Khampun. Tunaingia Korat. Hapa wameongeza barabara, usishangae." Sawaeng naye alidakia. "Kaka, ile shule tuliyotoroka ndiyo ile, wameipaka rangi." Walipofika mto Chi, maji mengi na jua limeinama, Phikun alitamka jina lake kwa sauti kubwa mpaka mwendesha pikipiki akageuka kuwatazama.

Kulikuwa bado na mwanga walipofika. Majirani walikuwa wamekusanyika, kwa kuwa mtu akiletwa hivyo lazima wa nyumbani waulize kama amekuja, na aliyemleta ajibu kwamba amekuja. Ndivyo inavyosemwa tangu zamani, swali moja na jibu moja. Mama Thongsi alikuwa amelazwa kwenye mkeka ndani, mwepesi kama shuka, macho mlangoni.

"Amekuja?" akauliza.

Phikun alisimama kizingitini. Jibu alilijua, kila mtu pale alilijua. Lakini mwanamke yule alikuwa amekataa maneno ya watawa miaka yote hiyo kwa sababu yalisemwa mahali ambapo hapakuwa na mtu, na Phikun hakuweza kumwongezea mengine ya namna ile.

"Nimemwita, mama. Pale pale juu. Nimemweleza kila kona mpaka hapa. Lakini sikusikia kitu. Hata kidogo. Sijui."

Majirani wakaguna. Sawaeng akainamisha kichwa. Mama Thongsi alimtazama mkwewe, akatazama miguu yake iliyovimba kwa ngazi na safari.

"Madaraja yote ulimwambia?"

"Yote, mama."

"Na mto Chi?"

"Na mto Chi."

Bibi akayarudisha macho mlangoni, nyuma ya Phikun. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu mwenye nyumba yake, "Khampun. Mbona unasimama mlangoni kama mgeni? Mwache mkeo apite, amechoka."

Akajivuta polepole, akijisukuma kwa kiwiko, mpaka ukingoni mwa mkeka, akaacha nafasi ya mtu mzima upande wa pili. Phikun aliingia ameinama. Aliizunguka nafasi ile asiikanyage, akaketi.