Kisu cha Mbandua Magome

Enzi za Mwingereza, pale Njombe, jirani yetu mbandua magome ya miti ya miwati alikuwa na mikono mikubwa hata kikombe cha chai hakikuonekana akikishika. Siku moja, tukiwa dukani kwa Mama Tabea, alikuja kutafuta kisu cha kukunja. Kila alichopewa alikifumbata, mpini ukapotea kiganjani, akakirudisha taratibu. "Hiki cha kumenyea viazi, mama." Mwishowe akapata chenye mpini mnene wa pembe. Akakikunjua, akakandamiza mgongo wa bapa juu ya meza aone kama kitamfungia vidole. Hakikujifunga.

Mara tukasikia mkoromo nje. Maksai wa mkulima Elieza, aliyefungwa nguzoni, alikuwa ameteleza mtaroni na kamba ilikuwa ikimnyonga. Mbandua magome alitoka na kisu mkononi, akapenyeza vidole kati ya kamba na shingo, akakata. Maksai akavuta pumzi kwa kishindo.

Aliporudi alifuta bapa kwa shati lake. "Unisamehe, mama. Nimekitumia kabla hujaniuzia." Tungecheka, ila mikono ile ilitetemeka hata ikashindwa kukifunga kisu. Mama Tabea alikichukua, akakikunja, akamtilia mfukoni.