Minazi Yangu na Tonge la Futari

Minazi ile niliipanda mimi. Naanza na neno hilo kwa sababu ndilo walilotaka kunipokonya, na mpaka leo nikilisema damu inanichemka. Kusoma kwangu ni kwa chuoni tu, juzuu chache, kisha nikaozwa. Basi atakayeona maneno yangu yanakwenda na kurudi anistahi.

Baba mkwe ndiye aliyenipa mahali, kwenye shamba lake nyuma ya mtaa wa Dunda. Alisema mbele ya watu, "Panda, mkwe wangu. Ardhi yangu, mti wako." Kwetu pwani hilo si jambo la ajabu. Ardhi ina mwenyewe na mnazi una mwenyewe, nao wanaweza kuwa watu mbalimbali, wakaamkiana kila siku bila neno. Watu wa bara waliokuja na misafara ya pembe walikuwa wakicheka wakisikia hivyo. "Kwani huku miti yenu inasimama hewani?" Haidhuru, wao kwao wana yao.

Nikachimba mashimo, nikatia chumvi na majivu, nikateka maji kiangazi kizima na mimba ya binti yangu tumboni. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba naipenda miche kuliko yeye. Siku nyingine ilikuwa kweli, maana miche haikunitoa usingizini kuniuliza kikoi chake kiko wapi.

Baba mkwe akafa, na baada yake akafa mume wangu. Nikakaa eda. Nilipotoka, nikaenda shambani nikakuta nazi zimeanguliwa, hata vidaka vichanga vimetupwa chini. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ndiye aliyeleta mkwezi.

Nikamuuliza. Akasema, "Shamba ni la baba, na kilichomo shambani ni cha shamba."

"Na aliyepanda?"

"Aliyepanda ni mke wa kaka yangu. Kaka yangu hayupo."

Alisema hivyo kana kwamba na mimi nilifukiwa pamoja na marehemu. Nami sikuwa na kitu kingine duniani. Tui letu lilitoka pale, mafuta pale, makuti ya paa pale, na makumbi niliyosokotea kamba pale. Minazi ikienda, mimi na mwanangu tungekwenda kukaa jikoni kwa watu.

Nikasema nakwenda kwa kadhi. Mambo haya yalikuwa kabla ya Wajerumani kushika mji. Kadhi wetu alikuwapo, na mlango wake haukufungwa kwa mwanamke. Lakini mtaa mzima ukanirukia. Kaka yangu ndiye wa kwanza.

"Dada, utamsimamisha shemeji yako mbele ya kadhi? Watu watasemaje?"

"Watasema ameangua nazi zangu."

"Waachie wazee wasuluhishe. Suluhu ina heri."

Suluhu siidharau. Nimeona wazee wakiwapatanisha mtu na mkewe waliorushiana vyungu, wakatoka wanacheka. Lakini pale kila mmoja alikuwa na la kuachia. Mimi niachie nini? Mtu akiingia kwako akachukua mkeka, mnakaa mnaugawa mkeka?

Basi wakakaa barazani kwa shemeji, siku ya Alhamisi, baada ya alasiri. Mimi nikatiwa ndani, nyuma ya pazia, na kaka yangu akawa wakili wangu. Kaka alikuwa na saumu. Kila Jumatatu na Alhamisi alifunga, na hakuna asiyejua, shemeji mwenyewe alimtania, "Leo umekauka kama mbata, bwana."

Wakazungumza. Wakamsifu marehemu. Wakazungumza habari ya punda aliyetumbukia kisimani kwa fulani, jambo ambalo sijui lilihusu nini. Walipofika kwenye minazi, mzee mkubwa wao akasema, "Wagawane nusu kwa nusu. Kila mtu apate, kusibaki kinyongo."

Nikaita kutoka ndani, "Kaka, sikubali."

"Subiri, mama," mzee akasema. "Wanaume bado wanazungumza."

Hapa yataka mtu aelewe. Kwetu suluhu hufungwa kwa kula. Pande mbili zikitia mikono katika sinia moja, kisha ikasomwa Fatiha, maneno yamekwisha. Kabla ya hapo ni mazungumzo tu.

Wakazungumza mpaka adhana ya magharibi. Hapo hapo sinia la wali likaletwa, likawekwa mbele ya kaka yangu. Hapakuwa na tende wala kata ya maji, nyumba nzima ya shemeji. Kaka akasema Bismillahi, akatia mkono, akala tonge. Shemeji naye upesi akatia wake. Mzee akainua mikono, Fatiha ikasomwa.

"Imekwisha," mzee akasema.

"Haijaisha," nikasema.

"Wakili wako amekula, mama."

"Amefuturu."

Kaka, na wali mdomoni, akasema, "Mzee, mimi nilikuwa na saumu."

"Mungu aitakabali," mzee akamjibu. Wakacheka, wakala. Nikawasikia wakilisifu tui, na mimi najua nazi zile zimetoka mnazi gani.

Asubuhi nikamburuta kaka mpaka kwa kadhi. Kadhi akamsikiliza, akamuuliza, "Dada yako alikuwa amekubali?"

"Hakukubali, Sheikh."

"Basi tonge la futari halifungi suluhu." Nikashukuru. Kisha akasema, "Rudini kwa wazee wenu mkapatane." Yaani na yeye vilevile.

Nikarudi, lakini bila wakili. Nilikaa mlangoni, nimejifunika leso, nikasema chakula kikae jikoni mpaka maneno yaishe. Mzee hakupenda.

"Mzee wangu," nikamwambia, "minazi yako ya njia ya Kaole iko katika ardhi ya nani?"

"Ya wajomba wa mke wangu."

"Wakifa wao, watoto wao waje mgawane?"

"Ile niliipanda mimi," akasema.

Mtu mmoja akakohoa. Mzee akamgeukia shemeji. "Usikwee tena minazi ya huyu."

Mtu angedhani yaliishia hapo. Wakakaa tena kutafuta la kumpa shemeji, asitoke mikono mitupu. Wakaamua kwamba mnazi ukianguka nisipande mwingine. Nikauliza habari ya nazi alizokwisha kuangua. Wakasema za nyuma tuziache, kwa ajili ya udugu.

"Na umshukuru shemeji yako," mzee akasema. "Amekuachia."

"Hakuniachia. Ameacha kuchukua."

Waliandika? Hawakuandika. Lakini shemeji hakusahau hata neno moja. Masika iliyofuata radi ilipiga mnazi mmoja, ule wa ukingoni, na kabla gogo halijakauka yeye alikwisha panda mhogo pale pale. Naupita mhogo huo kila nikienda kuangua nazi zangu. Akiniamkia, namwitikia. Kumwanza mimi, hapana.