Dua ya Kisogoni

Salimu amepiga simu! Salimu wa Bi Mwanapili, yule aliyepotea Uarabuni mpaka watu wakaanza kumtaja kwa sauti ya chini, amepiga, yuko hai, ana afya, na ameuliza kama samaki wa kupaka bado wapo. Kijiji kizima cha Kibuyuni kilijua kabla hajakata simu. Sasa tulieni niwahadithie ilivyokuwa, maana kila mtu anaihadithia vyake, na wengine wanaruka pale pale penye utamu.

Bi Mwanapili ni mkulima wa mwani. Siku za bamvua, maji yakitoka yakaacha mchanga wazi mpaka mbali kule, yeye ndiye wa kwanza kushuka, gunia la mbegu kichwani na soksi kuukuu miguuni, asije akachomwa na miiba ya urumba. Huko chini anafunga vishada vya mwani kwenye kamba, kamba anaitandaza baina ya vijiti, maji yakirudi anaiacha bahari ifanye kazi yake. Mume alifariki zamani, akabaki na mtoto mmoja tu, Salimu. Na mdomo anao, hilo halifichiki. Aliwahi kumwambia imamu uso kwa uso kwamba hotuba yake imeiva mpaka imeungua. Watu wanampenda hivyo hivyo.

Salimu alipopata kazi ya udereva Uarabuni, alikuwa akipiga kila Ijumaa. Halafu simu zikakatika. Bi Mwanapili akituma ujumbe, tiki moja tu, haujafika. Akituma voisi, tiki moja. Akituma picha ya mbuzi aliyezaa pacha, tiki moja. Akipiga, anapokea mwanamke wa kwenye mashine, anasema Kiarabu chake, na Bi Mwanapili anamjibu waalaikumu salamu kwa adabu kabisa, kisha anakata na kubaki ameishika ile simu kifuani.

Shamba lake la mwani limepakana na la Twaiba. Hao wawili walikua pamoja, chuo kimoja cha Kurani, mkeka mmoja. Lakini wakati huo walikuwa hawasemezani, na chanzo ni simu. Twaiba alirekodi voisi ya kumpelekea dadake wa Ukunda, akapiga porojo lake, kidole kikateleza, ikaingia kwenye grupu ya kina mama wa mwani. Mle ndani alikuwa akisema kwamba Mwanapili anasumbua watu na habari za mwanawe, kumbe mtoto mwenyewe kaukimbia mdomo wa mamake, hata Uarabuni ameona karibu. Aliifuta, ndio. Lakini watu walishasikiliza, na wengine mara mbili.

Yaani hebu fikiri. Mtoto hapatikani, usiku unajiuliza yuko hai au vipi, halafu unaambiwa amekukimbia wewe. Bi Mwanapili hakujibu kitu kwenye grupu, na yeye kunyamaza ni jambo zito kuliko matusi. Kuanzia siku hiyo wakishuka baharini, huyu anaangalia Wasini na yule anaangalia Shimoni.

Haukupita muda, binti wa Twaiba, Mwanasiti, ambaye naye yuko Uarabuni akilea watoto wa watu, akanyamaza vile vile. Bi Mwanapili aliposikia hakucheka. Lakini hakusikitika pia, tuseme ukweli.

Sasa ikaja Alhamisi moja, darsa la kina mama baada ya Alasiri, na somo lilikuwa malaika. Ustadhi Luqman ni kijana, ndevu ndio kwanza zinashika, lakini anasomesha mpaka wale wanaokuja kusinzia wanasahau kusinzia. Akaeleza kwamba malaika wameumbwa kwa nuru, hawali, hawanywi, hawachoki, wala hawana ubishi, wakiamrishwa wanatenda. Akamtaja Jibrili aliyeshuka na wahyi, Mikaili wa mvua na riziki, Israfili aliyeshika baragumu akingojea amri, na malaika wa mauti, na hapo kina mama wote wakavuta mitandio. Akasema wapo wanaopokezana zamu Alfajiri na Alasiri, hawa wakipanda wale wanashuka, kama walinzi wa hoteli za Diani, ila hawa hakuna anayechelewa. Na kila mtu ana wawili wake, mmoja kuliani anaandika mema, mmoja kushotoni anaandika maovu. Mama mmoja akauliza kama hao wawili wanashuka nao mpaka kwenye mwani, na vile kunavyonuka. Ustadhi akasema wanashuka, mama zangu, na hata mkirekodi voisi wapo. Watu wakainama kucheka kwenye kanga. Twaiba, aliyekuwa amekaa upande wa mlango, alikuwa na kazi kubwa ya kuuangalia mkeka.

Halafu ustadhi akaja kwenye ile yenyewe. Akasema mtu akimuombea ndugu yake kheri kisogoni, mwenyewe hayupo, hasikii wala hajui, basi hapo kichwani pake pana malaika aliyewekwa kwa kazi hiyo. Kila akiomba, malaika anasema, "Amin, na wewe upate mfano wake."

Bi Mwanapili akanyoosha mkono. Akauliza, je, kama wewe mwenyewe una shida, unaweza kumuombea mwenzio mwenye shida kama yako, ili malaika akuitikie na wewe? Au itakuwa ni ujanja? Ustadhi akatabasamu. Akasema wema waliotangulia walikuwa wakifanya hivyo hivyo, wakitaka jambo wanamuombea mwenzao lile lile, kwa sababu malaika hana dhambi ya kuizuia dua yake.

Bi Mwanapili alirudi nyumbani mwepesi. Yeye ni mtu wa vitendo, hakutaka kulaza jambo. Baada ya Magharibi akainua mikono akamuombea jirani yake Maimuna, watoto wake wampigie simu. Akaomba hivyo siku kadhaa. Mwishowe Maimuna akaja ukutani kulalamika kwamba hajui watoto wake wamepatwa na nini, simu hazimpi nafasi hata ya kukuna nazi, huyu wa Ukunda kapiga, huyu wa Likoni kapiga, na kila mmoja anataka nauli. Bi Mwanapili akamwambia pole, huku uso ukimuiva. Akajua amekosea mahali. Watoto wa Maimuna hawakuwa wamepotea. Malaika alisema mfano wake, na Maimuna hakuwa na shida mfano wake.

Akakaa jikoni akipepeta mchele, akipitisha akilini majina ya kina mama wa Kibuyuni mmoja mmoja. Nani ana mtoto ng'ambo, mtoto yuko kimya, na mama halali? Alimpata mapema sana, lakini akajifanya hajampata. Akaupepeta mchele mpaka hauna hata chuya. Kwa kweli alikuwa ni Twaiba peke yake.

Basi mara ya kwanza alimuombea hivi, na wala hakulifunga jicho: Mola wangu, yule mtoto wa Twaiba ampigie mamake, Amin, na malaika umesikia. Akainuka kwenye mswala kama mtu aliyetoka kumeza dawa chungu.

Siku ya pili akaona kusema mtoto wa Twaiba ni kama kumficha msichana wa watu, akasema Mwanasiti. Hapo ndipo alipoharibu mambo, au ndipo yalipotengenea, sijui. Maana huwezi kulitaja jina la mtoto mbele ya Mola wako halafu usimuone. Akamuona Mwanasiti mdogo, meno ya mbele hana, akimshikia ncha ya kamba kule majini na kuimba. Akakumbuka alivyokuwa akimsuka nywele siku za Idi, kwa sababu Twaiba mkono wake ni mzito. Akajiuliza amekula huyu mtoto? Mwenye nyumba ana huruma? Dua ikawa ndefu. Kuna siku alimaliza, akakunja mswala, akafika mpaka mlangoni, ndipo alipokumbuka kwamba Salimu hakumtaja, si kwa ulimi wala moyoni, na machozi yalikuwa ya mtoto wa mwenziwe.

Maji ya bamvua yalipotoka tena, wanawake wakashuka. Bi Mwanapili alikuwa ameinama kwenye kamba, maji ya magoti, akaona watu wamesimamisha kazi. Twaiba alikuwa anakuja kwake moja kwa moja, kanga imelowa, simu ameinyanyua juu kama taa. Akafika, akasimama, pumzi juu.

"Mwanasiti amepiga," akasema.

Bi Mwanapili akashika mdomo. Akasema Alhamdulillahi, kisha akalia, lakini kulia kweli, mpaka kishada kikamtoka mkononi kikaelea.

Twaiba akashangaa. "Mbona walia wewe, na mtoto ni wangu?"

"Kwani wajua nimemuombea kiasi gani?"

"Umemuombea Mwanasiti? Wewe?"

"Mimi. Apige simu." Na kwa kuwa hajui kuficha, akamalizia. "Ili malaika aniitikie na mimi, Salimu apige. Hivyo ndivyo nilivyoanza. Baadaye nikawa namuombea basi tu."

Twaiba akaangua kicheko mpaka akaegemea kijiti cha shamba la watu. Alipopata sauti akasema, "Mwanapili, na mimi nilikuwa darsani siku ile."

Kumbe naye alipiga hesabu ile ile, jina likaja lile lile, naye akameza dawa yake chungu. Tangu Alhamisi ile anamuombea Salimu. Ndiyo maana Mwanasiti alipopiga, akasema mwenye nyumba alimnyang'anya simu na sasa amehama yuko kwa watu wazuri, jambo la kwanza mamake alilomuuliza baada ya shukrani lilikuwa Salimu. Ulimi ulishazoea. Mwanasiti akasema watu wa Pwani walioko kule wana grupu yao, atauliza leo leo.

Twaiba akasema, "Na ile voisi yangu."

"Si uliifuta."

"Kwenye simu niliifuta. Kwako bado."

Bi Mwanapili akamwangalia. "Mdomo ninao, sikatai. Lakini mwanangu hakunikimbia."

"Hakukukimbia, shoga yangu. Nisamehe."

Bi Mwanapili akamkabidhi ncha ya kamba, ashike, maana mwani haungoji watu wakitubu.

Ijumaa yake ikaingia simu ya namba ngeni. Bi Mwanapili alikuwa anakuna nazi, akapokea kwa kiganja chenye machicha, na upande wa pili mtu akasema, "Mayo, mama yangu, shikamoo."

Salimu alipelekwa jangwani ndani kuendesha lori la maji ya ngamia, mahali ambapo mtandao haufiki. Simu yake ikapikwa na jua ikafa, na namba zote zilikuwa mle. Nani siku hizi anakariri namba? Ya mamake alikumbuka mwanzo na mwisho, katikati akachanganya. Kila akishuka mjini akiazima simu anampata mzee mmoja wa Kitale, mpaka wakazoeana, mzee akawa anamuuliza, "Mama hujampata tu?" Halafu dereva wa majani ya ngamia, ambaye yumo kwenye ile grupu, akasikia voisi ya Mwanasiti, akamfuata kule kule mchangani na kumpa namba sahihi. Bi Mwanapili akamuuliza amekula nini. Baada ya hapo alisema mengi, lakini watu walikuwa wameshajaa uani, hakuna aliyesikia vizuri.

Sasa yeye na Twaiba wanafunga mwani kamba moja. Wakimaliza kuswali pamoja hawaombeani hapo hapo hata kidogo, kila mmoja anakwenda kuomba kwake, mwenziwe asisikie. Na kuna mama mwengine wamempata, mwanawe hajulikani alipo, wanamuombea wote wawili. Jina lake silitaji, kwa sababu lazima asijue.

Basi wewe uliyesoma mpaka hapa, tafadhali mtumie na mwengine asome.