Rubani Aliyekuja Kumwona Bibi Doroti

Mume wangu hataki niyaseme haya, anasema watu wataniona nimechanganyikiwa. Lakini niliyaona kwa macho yangu, mchana kweupe, sina homa wala usingizi.

Nilikuwa natunza wazee kwenye makao fulani hapa Etobicoke, huku ughaibuni. Mmoja wao, Bibi Doroti, alikuwa amepita miaka mia. Wakati wa vita, akiwa msichana, alichumbiwa na Tom, kijana aliyekuwa akijifunza urubani wa kijeshi. Siku moja Tom na rafiki yake Walter walipaa, kila mtu na ndege yake ya mafunzo, zile za zamani zilizo wazi juu. Zikagongana angani. Wote wawili wakafa. Bibi alinisimulia mwenyewe nikimchana nywele.

Basi, alasiri moja theluji inamwagika, naingia na chai yake, namkuta kijana kakaa kitini kando ya kitanda. Koti la ngozi, uso umejaa masizi. Bibi kalala. Nikadhani ni mjukuu.

"Walter huwa anakuja hapa?" akaniuliza.

"Walter yupi?"

"Usimfichie siri. Siku ile nilimwona amevaa skafu ambayo Doroti aliifuma kwa mikono yake. Nilisogeza ndege karibu, nihakikishe tu."

Niamini, trei ikiwa bado mikononi, nilimtazama miguuni. Nje theluji ilifika magotini, lakini buti zake zilikuwa kavu, na chumba kizima kilinuka petroli. Ningekimbilia wapi?

Akanigeukia. "Na wewe, mumeo yuko wapi sasa hivi?"

"Kazini."

"Una hakika?"

Hapo Bibi akafumbua macho. Hakushtuka hata kidogo. "Tom," alisema taratibu, "Walter alikuwa anasikia baridi. Ningemfumia yeyote."

Kijana alimtazama kwa uchungu ambao sijauona kwa mtu aliye hai. Nikapepesa macho, kiti kitupu.

"Kila mwaka namwambia hivyo hivyo," Bibi akaniambia. "Hanisadiki."

Alifariki kabla theluji haijayeyuka. Mimi kazi ile niliacha, lakini swali la yule kijana nilishakuja nalo nyumbani. Jioni ile ile nilinusa shati la mume wangu. Tangu hapo napekua simu yake akiwa bafuni. Akichelewa basi moja tu, nasimama dirishani kumchungulia. Tulikuwa hatujawahi kugombana juu ya mwanamke, miaka yote ya ndoa yetu.

Juzi akanikalisha chini. "Mama Asha, niulize lolote unalotaka, nitakujibu."

Nikauliza. Akajibu yote, moja baada ya jingine, macho yake kwenye macho yangu. Kisha akaenda kulala, nami nikabaki sebuleni nikitafuta palipo na uongo.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, mgeni usiyemjua akikuuliza mwenzio yuko wapi, usimjibu. Weka chai chini, utoke.